Alumini ya Injini Isiingie Jikoni

Fundi anayeyeyusha pistoni na vipande vya injini ili amimine sufuria anauza chombo ambacho hata yeye hajui kimechanganywa na nini. Tunataka jambo hili lisemwe wazi Nyantende, Kadutu na kila soko la Bukavu linalouza sufuria nene za kumimina. Hatusemi fundi afungiwe karakana, maana kazi hiyo inalisha familia. Tunasema achague anachokitia motoni.

Watu wetu wanaipenda alumini, na wana haki. Lita moja ya alumini ina uzito wa kilo 2.7, wakati inoksi (chuma kisichoshika kutu kirahisi) ya ujazo huohuo inakaribia kilo 8. Alumini inayeyuka kwenye nyuzi 660 za selsiasi, moto ambao makala na kipulizio vinaufikia. Inoksi inadai zaidi ya 1,400. Tena alumini, hata iliyochanganywa na madini mengine, hupitisha joto mara kadhaa zaidi ya inoksi. Mama anayesonga bugali juu ya mbabula anaijua tofauti hiyo kwa mkono wake: kwenye sufuria nyembamba ya inoksi unga unaungua pale makala yalipowaka, na pembeni bado haujaiva. Kwa mtu anayehesabu kila gunia la makala, hiyo ni hoja nzito, na atakayemwambia atupe alumini yote anunue inoksi hajawahi kumpikia mtu.

Shida iko kwenye mchanganyiko. Alumini ya injini huongezwa silikoni, shaba na zinki ili iwe ngumu na ijaze kalibu vizuri. Injini haipiki chakula, kwa hiyo aliyeitengeneza hakuwa na sababu ya kuwaza tumbo la mtoto. Vyuma chakavu vikichanganywa ovyo, pamoja na vilivyopakwa rangi au kulehemiwa kwa lehemu yenye risasi, risasi inaingia sufuriani bila kuonekana. Mwaka 2017 watafiti wakiongozwa na Jeffrey Weidenhamer wa Marekani walitoa matokeo ya vyombo 42 kutoka nchi 10, Kenya na Tanzania zikiwemo. Walivichemshia asidi hafifu kama ile ya siki, na zaidi ya theluthi vikatoa risasi ya kiwango cha hatari. Kongo haikuwa kati ya nchi hizo 10, lakini magari tunayoyachinja kwa vipuri hayana tofauti na ya majirani. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na ubongo wa mtoto ndio unaoumia kwanza.

Alumini inajilinda kwa utando mwembamba wa oksaidi. Asidi inaula utando huo, na maji ya majivu pia. Basi nyanya, ndimu, mashanza (maziwa ya mgando) na kasiksi (pombe ya ndizi) visilale ndani ya sufuria ya kumimina. Na sufuria inayosuguliwa kwa mchanga na majivu hadi ing'ae inapoteza alumini kidogo kila siku, ingawa tumezoea kuuona mng'ao huo kama sifa ya mwenye nyumba.

Inoksi nayo ina utando, ila unatokana na kromiamu, isiyopungua asilimia 10.5, na ukikwaruzwa unajirudia wenyewe bila kusumbuliwa na asidi ya chakula. Ndiyo maana maziwa na vifaa vya upasuaji vinastahili inoksi. Adui yake ni klorini. Katika zone yetu ya afya, ambako javel, dawa ya klorini, ni silaha dhidi ya kipindupindu, makasi yaliyoachwa humo kwa saa nyingi yatapata vishimo vidogo ambavyo uchafu unajificha ndani yake. Yaoshwe kwa maji safi mara tu muda wa dawa unapokwisha.

Kwa fundi, ombi letu ni hili: yeyusha sahani na sufuria kuukuu za bati la alumini, na waya za alumini zilizonunuliwa kihalali, si zile zilizokatwa usiku kwenye nguzo. Pistoni, radiyeta na chochote chenye rangi au lehemu vitengwe, vimiminwe kuwa pasi, kapi au miguu ya meza. OCC, ofisi ya ukaguzi ya Kongo inayopima bidhaa zinazoingia nchini, ichukue pia sufuria chache za hapa kila mwaka, izichemshie asidi na kutangaza matokeo redioni. Shule za ufundi ziwafundishe vijana wa karakana kupanga vyuma chakavu kabla ya kuwafundisha kumimina. Na mnunuzi wa inoksi aangalie mhuri wa 18/10 chini ya chombo, yaani asilimia 18 ya kromiamu na 10 ya nikeli. Kutonasa kwa sumaku peke yake kusimdanganye, kwa sababu inoksi ya bei nafuu isiyo na nikeli ya kutosha nayo huweza kukataa sumaku, kisha ikapata kutu.