Friji la Chanjo, Taa ya Leba na Betri Moja

Wadau, leo tuongee kuhusu friji. Si lile la bia pale kona, hapana. Naongelea lile dogo la chumba cha chanjo, kwenye zahanati ambayo nguzo za umeme hazijaifikia, au zimeifikia lakini umeme wenyewe unakuja na kuondoka unavyotaka.

Watu wa mjini ukiwaambia kuna friji linalotumia gesi wanacheka. Moto utoe baridi? Ndiyo, unatoa. Mwaka 1922 vijana wawili waliokuwa wakisomea uhandisi kule Stockholm, Baltzar von Platen na Carl Munters, walibuni friji lisilo na kompresa wala kitu chochote kinachozunguka. Ndani ya mabomba yake kuna amonia, maji na haidrojeni. Moto mdogo chini unaichemsha amonia, inatoka kwenye maji, inapanda, inapoa na kuwa kimiminika, kisha inageuka tena kuwa mvuke huku ikinyonya joto la ndani ya friji. Halafu inarudi kwenye maji na safari inaanza upya. Mtungi wa gesi na kiberiti, basi. Mwaka 1925 Electrolux wakaichukua kazi hiyo na kuanza kuyauza. Ndugu zake wa gesi na mafuta ya taa wakaja kutunza chanjo kwenye zahanati zetu kwa miaka mingi, bila betri hata moja.

Siyasifii kupita kiasi. Gesi huisha katikati ya mwezi na gari la wilaya halina mafuta. Likiinama kidogo, baridi inakufa. Na baya zaidi, moto hauna adabu: chanjo inataka nyuzi 2 hadi 8, lakini friji la namna hii likizidisha, linagandisha. Chanjo ya pepopunda au ya homa ya ini B ikiganda imekwisha, hata kama chupa inaonekana nzima. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani limeacha kupendekeza yanunuliwe kwa kazi ya chanjo.

Ikaja sola. Utepe ukakatwa, picha ya pamoja ikapigwa, wafadhili wakaondoka. Ambacho hakikutokea kwenye picha ni betri.

Betri ya kawaida ya risasi na asidi, ukiitunza vizuri, unaihesabia miaka mitatu hadi mitano. Baada ya hapo nani ananunua nyingine? Mfadhili keshahamia mradi mwingine. Halmashauri ina matundu ya vyoo ya kuchimba na madawati ya kutengeneza.

Halafu betri haina jina la mtu. Zahanati moja niliyopita kikazi walikuwa na friji la njia tatu: gesi, umeme wa kawaida na volti 12. Gesi ilipoisha, mtu akaliunganisha kwenye betri ya sola ya taa. Fanyeni hesabu nami. Friji la aina hiyo kwenye volti 12 halitumii kompresa, linapasha joto kwa waya kama pasi. Tuseme wati 120. Hiyo ni ampea 10. Betri ya ampea-saa 100 hutakiwi kuikamua zaidi ya nusu, kwa hiyo una saa tano. Saa tano tu! Njia ile ya volti 12 iliwekwa kwa ajili ya magari ya safari, kama yale magari-nyumba ya Wamarekani, litumike injini ikiwa inaunguruma na kuchaji. Ukishaegesha, unawasha gesi.

Sasa ni usiku na kuna mama mwenye uchungu. Nesi yuko peke yake. Akiacha friji likiwa limeunganishwa, atazalisha kwa tochi ya simu, na simu yenyewe inachajiwa kwenye betri ileile. Akilichomoa, chanjo za watoto wa kijiji kizima zinaanza kupata joto. Nesi alichagua taa, na mimi ningechagua taa. Nikisikia bosi wa mjini anamlaumu nesi kwa "kuchezea umeme wa friji", damu inanichemka. Aliyefunga mfumo mmoja kwa kazi mbili ndiye aitwe.

Msimamo wangu ni huu: friji la chanjo lisiwe na betri ya kugombewa. Na hii si ndoto. Yapo mafriji yanayounganishwa moja kwa moja na paneli. Jua likiwaka yanatengeneza barafu ndani ya kuta, na barafu hiyo inashika baridi kwa siku zisizopungua tatu bila jua. Akiba ni barafu, na barafu huwezi kuchajia simu. Siku hizi kuna hata kifaa kinachoshibisha friji kwanza, kisha umeme unaobaki ndio unakwenda kwenye taa na simu. Ni ghali kuyanunua, ndiyo. Lakini hesabu bei ya betri za miaka kumi, mitungi ya gesi, na chanjo zilizomwagwa.

Na leba nayo ipewe paneli yake na betri yake, mbali kabisa na chumba cha chanjo.

Waandishi wenzangu, mkialikwa tena kwenye uzinduzi wa friji la sola, kabla ya soda na bahasha muulizeni mgeni rasmi swali moja: lina betri? Akisema ndiyo, muulizeni ya mwaka wa nne iko kifungu gani cha bajeti.