Mbege si ya Wazee Peke Yao: Siasa ya Vinywaji vya Krismasi

Kila inapokaribia Desemba 25, koo za Uchagani huketi kupanga bajeti. Waliotawanyika Dar es Salaam, Arusha, Mwanza na ng'ambo huchangishana, na kabla hata mbuzi hajanunuliwa huzuka mjadala wa vinywaji: kreti ngapi za Kilimanjaro, ngapi za Safari, ngapi za Serengeti, nani anakunywa Castle Lite na nani hagusi kitu isipokuwa Heineken. Mwisho kabisa, mtu huandika: "Na mbege kidogo kwa ajili ya wazee."

Sentensi hiyo fupi ndiyo ninayoipinga katika makala haya. Imebeba msimamo mzima kuhusu nani ni wa leo na nani ni wa jana, kazi ya nani ina thamani na ya nani haina, na fedha iliyochumwa na ukoo irudi wapi. Anayedhani kuwa kuchagua bia za sikukuu ni jambo lisilo na siasa hajaitazama vizuri risiti yake.

Tuanze na huo unaoitwa uchaguzi mpana. Kilimanjaro, Safari, Ndovu, Balimi na Castle zote zinatoka katika kampuni moja, TBL. Serengeti, Pilsner, Tusker na Guinness zinatoka katika kampuni ya pili, SBL. Ukiiondoa Guinness, takriban zote ni bia za rangi ya dhahabu, za jamii moja, zinazotofautiana zaidi kwa nembo na bei kuliko kwa ladha. Wananchi wa nchi hii tunajua vyema jinsi orodha ndefu ya majina inavyoweza kuficha uhaba wa uchaguzi.

Na wenye mali ni nani? Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, bia iliingia katika umiliki wa umma. Mwaka 1993 Serikali iliwakaribisha makaburu wa zamani wa biashara hiyo, South African Breweries, kuwa wabia katika TBL. Mwaka 2016 kampuni mama ikamezwa na AB InBev, kampuni kubwa kuliko zote za bia duniani. SBL nayo, mwaka 2010, hisa zake nyingi zilinunuliwa na East African Breweries ya Kenya. Kwa hiyo mlima uko kwetu, jina la mlima liko kwenye chupa, lakini gawio la faida hupanda ndege. Sisemi viwanda hivyo havina ajira wala havilipi kodi. Vinazo, na vinalipa. Nasema tusijidanganye kwamba kununua kreti kumi zenye picha ya Kibo ni kuienzi Kilimanjaro.

Sasa itazame mbege. Ndizi mbivu huchemshwa na kuachwa siku kadhaa zichache. Ulezi huoteshwa, hukaushwa na kusagwa, kisha hupikwa uji. Gome la msesewa huongezwa ili kutia uchungu. Viwili hivyo vikikutana, ndipo mbege inapopatikana: nzito, chachu, inayonyweka kwa kata inayopita mkono hadi mkono. Hiyo ni kazi ya takriban wiki nzima inayohitaji ujuzi wa joto, muda na vipimo, na anayeifanya kwa kawaida ni mwanamke. Ndizi zimetoka kwenye kihamba na ulezi umenunuliwa kwa mkulima. Katika shilingi anayolipwa mama huyo hakuna hata senti inayovuka bahari. Wasomi wengi wanaorudi Krismasi na magari yao walilipiwa ada kwa kahawa ya baba na mbege ya mama, na sasa wanaiagiza "kidogo".

Dharau hii haikuota yenyewe. Utawala wa kikoloni uliigawa pombe kwa rangi ya mnywaji: ya chupa ikawa ya Mzungu, ya kibuyu ikawa ya "mwenyeji" na ikawekewa vibali na vilabu vyake. Uhuru ulifuta rangi, lakini Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 ikaendelea kuitenga pombe ya kienyeji katika kundi lake la leseni. Hadi leo, ofisini bia huhesabiwa kuwa suala la uwekezaji na mbege suala la ulinzi na usalama. Mwenye kiwanda huitwa mdau. Mama wa kilabu huitwa mtuhumiwa. Kiwanda kikitengeneza bia kwa nafaka za nchini ambazo hazijaoteshwa, hutozwa ushuru nafuu kwa kuwa kinamsaidia mkulima. Huyu mama aliyetumia ulezi wa nchini maisha yake yote, nani amewahi kumwita mzalendo?

Najua jibu litakalokuja: ulevi na usafi. Ni hoja nzito na sitaikwepa. Ulevi umebomoa nyumba nyingi Kilimanjaro, na anayeuza mbege asubuhi kwa kijana asiye na kazi hastahili kutetewa. Lakini tusichanganye mambo. Gongo hukenekwa, na imepigwa marufuku kisheria. Mbege huchachushwa tu. Vilevile tukumbuke kwamba pombe kali za viroba, zilizopigwa marufuku Machi 1, 2017 baada ya kuharibu vijana wengi, hazikupikwa na bibi yeyote jikoni. Zilitoka viwandani, zikiwa na nembo na leseni. Kama tatizo ni usafi, dawa yake ni maji safi, mafunzo na viwango vinavyofikika kwa mpishi mdogo. Mgambo hajawahi kusafisha chungu kwa kukipiga teke.

Kwa hiyo napendekeza kwa kamati za koo mambo manne. Kwanza, mbege iingie juu ya orodha, na iagizwe mapema, kwa sababu haikai kama bia: ikizidi siku chache huharibika. Pili, mpishi alipwe bei ya kazi ya wiki nzima, si bei ya huruma, hata kama ni shangazi yenu. Tatu, pasiwe na meza ya Heineken kwa wenye vyeo na ndoo ya mbege nyuma ya nyumba kwa waliobaki kijijini. Kila kinywaji kikae mbele ya kila mtu, na soda na maji vipewe heshima ileile, kwa ajili ya wasiokunywa na kwa ajili ya madereva wanaoikabili barabara ya kurudi. Nne, ninyi watumishi wa umma mtakaokuwapo, mkirudi ofisini Januari iulizeni halmashauri yenu imetenga nini kwa wapishi hawa zaidi ya faini.

Bia zinunuliwe, sizikatazi. Ila mwacha asili ni mtumwa, na utumwa wa leo huja umepoa vizuri, kwa pesa tuliyoichanga wenyewe.