Mama Si Mgeni wa Mtoto Wake

Saa za kuona wagonjwa ziliwekwa kwa ajili ya wajomba na majirani. Mama aliyejifungua jana hazimhusu hata kidogo. Hata hivyo, katika wodi nyingi za watoto wachanga humu nchini Kenya, mama huyo bado anaingia kwa saa. Anakamua maziwa kwenye kikombe, anamtazama mwanawe kupitia kioo cha mashine ya joto, kisha anaambiwa atoke. Naliita hili dhuluma, na sitalitafutia jina la upole.

Sisi wa Bukura tunaijua safari yenyewe. Mtoto akizaliwa kabla ya wakati, anaandikiwa rufaa hadi hospitali kuu ya kaunti mjini Kakamega. Mama mwenye mshono mbichi huenda akafuata kesho yake, kwa matatu. Saa hizo ndizo mtoto anazomhitaji zaidi.

Wakubwa watasema haya ni mambo ya hisia. Basi tuzungumze kuhusu vifo. Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya utafiti ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani katika hospitali tano za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania. Watoto zaidi ya 3,000 wenye uzito wa kilo 1 hadi chini ya 1.8 walihusishwa. Waliowekwa kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, mara tu baada ya kuzaliwa, bila kungojea hali itulie, walikufa kwa asilimia 25 chini ya wenzao. Maambukizi nayo yalipungua. Kwa hiyo anayemfukuza mama kwa hoja ya viini ana deni la kutueleza hayo.

Na hisia zenyewe si jambo dogo. Huduma hii ya ngozi kwa ngozi, iitwayo kangaruu, ilianzia Bogotá mwishoni mwa miaka ya 1970, wodi zilipofurika na mashine zikapungua. Baadhi ya watoto waliolelewa hivyo katika miaka ya 1990 walitafutwa tena baada ya miaka 20. Hawakuwa wagomvi wala wenye papara kama wenzao waliolelewa kwenye mashine, na shuleni walikosa siku chache zaidi. Simaanishi kwamba kila mtoto aliyetengwa ameharibika, na mama aliyezuiwa mlangoni asijilaumu kamwe. Lawama ni ya aliyeufunga mlango.

Mwaka 1952, mtafiti James Robertson alitoa filamu ya msichana wa miaka miwili aliyelazwa siku nane huko Uingereza bila mama yake kukaa naye. Enzi hizo, mtoto akinyamaza, madaktari walisema amezoea. Robertson alionyesha kwamba alikuwa amekata tamaa. Miaka saba baadaye kamati ya serikali ilipendekeza wazazi waruhusiwe wakati wowote. Sisi tunangoja nini?

Kakamega haiwezi kujitetea kwamba haijali. Kaunti hii ndiyo iliyoanzisha mpango wa Oparanya Care mwaka 2013, ikiwalipa mama maskini shilingi 2,000 kwa kila hatua ya kliniki, kujifungua na chanjo, kisha ikatunga sheria ya afya ya mama na mtoto mwaka 2017. Tulijua kumvuta mama hadi hospitali. Akishafika, tunamtenga na mwanawe!

Hatuombi mitambo ya mamilioni. Tunataka kitanda cha mama kando ya kila kitanda cha mtoto, leso ya kumfungia kifuani, chakula cha mama kwenye bajeti ya wodi, na ambulansi isiyoondoka na mtoto ikamwacha mzazi. Wauguzi ni wachache, kweli. Ndiyo maana ni upuuzi kumzuia mtu pekee aliye tayari kumshika mtoto huyo mchana na usiku bila mshahara. Kikao cha wananchi kuhusu bajeti kikifika Bukura, swali la kwanza liwe hilo: vitanda vya mama viko ukurasa gani?