Ruzuku ya malaria ianzie kwenye kipimo



Katika maduka mengi ya dawa huku kwetu magharibi mwa Kenya, ukisema mtoto ana homa utaulizwa umri wake na pesa ulizo nazo. Kama amepimwa, ni nadra kuulizwa. Majuzi nilimkuta mama akikabidhiwa pakiti ya AL, dawa mseto ya malaria, huku mtoto aliyembeba mgongoni akihema mbiombio, mbavu zikibonyea kila anapovuta pumzi. Hizo ni dalili za nimonia, na dawa ya malaria haiitibu. Nilimsihi ampeleke hospitali saa ileile. Vipimo vya haraka vilikuwa rafuni, nyuma ya muuzaji. Nilipomuuliza mbona hakumpima, alisema kipimo kina bei yake, na akikitaja wateja huhamia duka la pili.

Mama huyo simlaumu. Mwenye pesa ya kitu kimoja atanunua dawa. Nawalaumu wapangaji walioweka nafuu kwenye dawa na kukisahau kipimo.

Mpango wa kimataifa ulioanza 2010 ulishusha bei ya dawa mseto yenye alama ya jani la kijani hadi shilingi 40 kwa dozi hapa Kenya. Maskini waliifikia dawa nzuri, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani lilitaka kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kutibiwa, na punguzo lile halikuweka sharti hilo. Utafiti uliofanywa huku magharibi na kuchapishwa 2015 ulionyesha kuwa dawa ikipewa ruzuku kubwa madukani, zaidi ya nusu yake huwaendea wasio na malaria. Na sasa vimelea vinavyostahimili artemisinini, kiungo kikuu cha dawa hiyo mseto, vimethibitishwa Uganda, Rwanda na Tanzania!

Njia ipo, tena ilijaribiwa hukuhuku: wahudumu wa afya vijijini walipima watu bure, na waliokutwa na vimelea wakapewa vocha ya kupunguziwa bei ya dawa dukani. Matokeo yalichapishwa 2018: waliopimwa waliongezeka. Wizara na kaunti zinangoja nini? Bajeti ijayo itenge fedha za vipimo, na muuzaji alipwe kwa kila anayempima, hata akikutwa hana malaria, asione hasara kumwelekeza mzazi hospitalini.

Msomaji,
Bungoma