MMETUFUNZA KUOGOPA CHANJO, LEO MNATUITA WAJINGA!

Msomaji, pita Darajani au kaa barazani Mji Mkongwe, utasikia: "Sindano hiyo inaua kizazi." Wakubwa wakisikia hayo humwita mwananchi mjinga. Sisi tunauliza: nani aliyemfunza kuogopa?

Tukumbushane. Kuanzia Mei 2020 serikali iliacha kutoa idadi ya wagonjwa wa korona. Ikakwama kwenye 509, kana kwamba maradhi yamefunga virago. Januari 27, 2021, Rais Magufuli akasimama Chato akasema chanjo hazifai. Siku nne baadaye ACT-Wazalendo ikatangaza kuwa Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, ana korona. Kesho yake Waziri wa Afya, Dorothy Gwajima, akatwambia nchi haina mpango wa kuleta chanjo! Februari 17 Maalim akafariki Muhimbili.

Hatusemi chanjo ingemwokoa. Dunia ndiyo kwanza ilikuwa inaanza kuchanja. Tunasema yeye aliuweka wazi ugonjwa wake, wenye dola wakauficha wa nchi nzima. Mficha maradhi kilio humuumbua.

Julai 28, 2021, Rais Samia akachanjwa hadharani Dar es Salaam. Alifanya vyema. Lakini ndani ya miezi sita serikali ile ile imeikataa chanjo, kisha imeisifu, bila ya kutwambia nani alikosea. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka!

Na shaka haichagui sindano. Ikianza kwa korona, huishia kwa surua, polio na chanjo ya mabinti ya saratani ya mlango wa kizazi.

Basi tunasema mawili.

Kwako mzazi: usimwadhibu mwanao kwa makosa ya wanasiasa. Surua haimuulizi mtoto baba yake ni chama gani. Mwaka 2009 ndugu zetu wa Unguja na Pemba walikunywa chanjo ya kipindupindu. Utafiti uliotoka 2012 ulikuta imewakinga kwa asilimia 79 waliomaliza dozi mbili. Hao ni watu wetu, si hadithi ya Ulaya. Mpeleke mtoto kituoni.

Kwenu wakubwa: toeni takwimu za maradhi, na za madhara ya chanjo pia, hata zikiwatia aibu. Nendeni skuli, misikitini na barazani mkajibu maswali kabla ya kutuma sindano. Imani ya watu hainunuliwi kwa mabango. Mliivunja kwa kuficha. Mtaijenga kwa kusema kweli.