JIKONI KWETU: KABATI LA VYOMBO LIVISHWE NGUO YA KUVULIWA

Mwezi huu ukurasa wetu unaongea juu ya kabati la vyombo. Akina mama kadhaa wametuuliza: mbao zimeshakuwa nyeusi kwa moshi, milango imepasuka, na kumwita fundi atengeneze lingine ni pesa ndefu. Tufanye nini lipendeze tena? Wengine wameona sokoni ile karatasi ya maua yenye gundi nyuma, wanayoiita stika, wanauliza kama inafaa.

Kabla ya kujibu, tuseme neno kwa wale wanaocheka kwamba kupamba kabati la kambini ni kazi bure, eti sisi wapita njia. Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996. Mtoto aliyezaliwa hapa mwaka ule ni mtu mzima, na pengine naye ana watoto wanaokula kwenye sahani zinazotoka kabatini. Tutakaa na kabati chafu mpaka lini kwa sababu tunangoja kuondoka? Lakini watu hao wana haki kidogo. Chochote unachoweka juu ya kabati lako kiwe kitu kinachovulika. Sababu ya kwanza wala si safari, ni wadudu.

Hebu tuangalie makabati yetu yalivyo. Mengi ni mbao za masanduku na mirunda, mengine fundi ameyafunika kwa makopo ya mafuta ya mgao yaliyopasuliwa na kunyooshwa. Yana nyufa kila mahali. Mchana mende analala ndani ya ufa, usiku anatoka kutembea juu ya sahani. Sasa mtu anapika uji mzito wa unga, anapaka, anabandika kalenda ya zamani au karatasi ya mfuko wa saruji. Siku ya kwanza inapendeza kweli. Kumbe umempa mende nyumba na chakula mara moja, maana ule uji ukikauka anautafuna, na panya pia anaufuata. Wewe huoni kitu, unaona maua tu.

Jambo la pili ni unyevu. Mvua zikianza, ubao unanyonya maji, na kilichobandikwa moja kwa moja kinayafungia ndani. Ubao unaota kuvu, na mfuko wa unga unaougusa unaanza kunuka. Kuvu si mchezo. Mwaka 2016 watu walikufa kule Dodoma na Manyara kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi, na sumu ile haiishi kwa kupika. Kwa hiyo unga na mahindi vikae vikavu, ndani ya ndoo yenye mfuniko, visiegemee ubao wenye unyevu.

Basi sisi tunapendekeza plastiki ya meza, ile laini ya maua inayokatwa kwa mita, nyuma ina kitambaa. Upana wake kwa kawaida unakaribia mita 1.4. Chukua kabati la milango miwili, kila mlango sentimita 40 kwa 70. Unaongeza sentimita 5 kila upande za kukunja, unapata kipande cha 50 kwa 80. Vipande viwili vinakaa sambamba ndani ya mita moja tu, na kando unabaki na utepe wa sentimita 40 kwa mita moja, unaotosha kutandika rafu moja ya ndani. Yaani mita moja inavisha milango yote miwili na rafu. Usikubali muuzaji akukatie mita tatu kabla hujapima kwako. Kama huna futi, pima kwa kamba na uende nayo sokoni.

Kufunga ndiyo kazi yenyewe, na hapa gundi haitakiwi. Kwanza osha mlango kwa maji ya moto, sabuni na majivu, uanike juani mpaka ukauke kabisa. Kunja kingo za plastiki mara mbili, maana ukitoboa kwenye plastiki moja itachanika. Toboa matundu kwenye hayo makunjo, kila baada ya vidole vinne. Kisha laza plastiki mbele ya mlango, geuza kingo nyuma, na upitishe kamba toka tundu la huku kwenda la kule, kama mtu anayewamba ngozi ya ngoma. Vuta pole pole ikae bila mikunjo. Badala ya kamba unaweza kukata mpira wa ndani wa baiskeli uwe utepe mwembamba. Huo ni mzuri zaidi kwa sababu unajivuta wenyewe. Mahali penye bawaba kata kidogo tu plastiki ipite, usilazimishe. Kama bawaba zako ni vipande vya tairi, afadhali umwombe kijana autoe mlango kwanza.

Kila mwezi fungua kamba, vua, osha pande mbili, anika. Wakati plastiki iko juani, tazama nyufa za ubao, mwagia maji yanayochemka mahali mende wanapojificha, acha pakauke ndipo uvishe tena. Akina baba, kazi hii nanyi mnaiweza.

Na ile stika? Kwenye ubao wetu wenye nywele haishiki. Inashika wiki mbili, halafu kona zinaanza kunyanyuka na vumbi linaingia. Miye naona ni kupoteza pesa. Inafaa pale tu penye uso laini, kama bati la kopo lililonyooshwa au mbao iliyopakwa rangi, na hata hapo uoshe mafuta yote kwanza. Ukitaka kuitoa usiikwangue kwa kisu. Weka juu yake kitambaa kilichokamuliwa toka maji ya moto, ngoja gundi ilegee, anza kona moja na uvute pole pole ukiilaza, siyo kwa kuinyanyua. Gundi inayobaki paka mafuta ya kula kidogo, iache, kisha sugua kwa sabuni.

Mwenye pesa ndogo kabisa aondoe milango mibovu, afunge kamba mbele ya kabati na atundike kipande cha kitenge kilichochakaa. Kinafuliwa pamoja na nguo nyingine. Shida yake kinanyonya moshi, basi kifue kila wiki.

Tafadhali sana juu ya moto: plastiki na kitenge vyote vinashika haraka. Kabati lililovishwa lisikae karibu na mafiga, liwe hatua mbili ndefu au zaidi, na pazia lisipeperuke kuelekea moto. Nyumba zetu zimekaribiana, na paa nyingi ni za nyasi. Kama jiko lako ni dogo kiasi kwamba nafasi hiyo haipo, acha mbao wazi, uzioshe tu. Na plastiki ikishachakaa usiwashie moto. Moshi wake ni mbaya kwa kifua, hasa cha watoto wadogo. Kata vipande utandike chini ya ndoo za maji.

Siku jina lako likisomwa, la kurudi nyumbani au la kwenda mbali, kabati hutalibeba. Utamwachia jirani. Lakini kamba inafunguka, na mita moja ya plastiki ikikunjwa inalingana na kitenge kimoja ndani ya begi.

Mwezi ujao tutaongea juu ya kichanja cha kukaushia vyombo. Mwenye swali aandike kwenye karatasi, ampe kiongozi wa kijiji chake, litatufikia.