Takwimu za Ajira Tunazo, Zimefungiwa Makabatini

Gesi asilia ilipoanza kugunduliwa kwa wingi katika kina cha bahari ya Lindi na Mtwara mwaka 2010, vijana wa Tanzania waliambiwa ajira ziko huko. Vyuo vikuu vikaanzisha shahada za mafuta na gesi, na wazazi wakajinyima kulipa ada. Kiwanda cha kusindika gesi kilichotarajiwa Lindi mpaka leo hakijajengwa. Shahada ya uhandisi huchukua miaka 4, ilhali mradi huahirishwa kwa kikao kimoja, na hakuna utaratibu unaolazimisha habari za kikao hicho zimfikie anayepanga udahili, sembuse kijana wa kidato cha sita.

Tatizo hili likitajwa, serikali, vyuo na viwanda huitisha kongamano na kutiliana saini hati za ushirikiano. Mimi naona tunatafuta mbali kilichopo karibu. Mhitimu aliyesoma kwa mkopo akiajiriwa, mwajiri humkata asilimia 15 ya mshahara na kuiwasilisha Bodi ya Mikopo. Kwa hiyo Bodi inaweza kujua aliyesomea kilimo ameajiriwa wapi na baada ya muda gani. Mamlaka ya Mapato nayo hupokea tozo ya ufundi stadi, asilimia 3.5 ya mishahara, kutoka kwa waajiri wenye wafanyakazi 10 au zaidi. Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) na baraza linalosimamia elimu ya ufundi (NACTVET) wana kumbukumbu za wanaodahiliwa na wanaohitimu. Kumbukumbu hizi zikiunganishwa, zitasema mengi kila mwaka, wakati tafiti za kitaifa za nguvukazi zilifanyika 2006, 2014 na 2020/21. Kati ya utafiti mmoja na mwingine kijana huanza chuo, akamaliza, akazunguka na bahasha ya vyeti miaka kadhaa.

Picha hiyo haitakamilika. Si wote waliokopa, na aliyefungua karakana yake ya kuchomelea vyuma hataonekana. Faragha nayo ni haki: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo, na jumla za kila kozi zinaweza kutolewa bila jina la mtu. Hofu kubwa zaidi, nadhani, itakuwa ya vyuo vyenyewe, kwa kuwa kozi isiyoajirika itaonekana hadharani. Naielewa hofu hiyo, lakini sikubali mzazi aliyeuza shamba ndiye afichwe.

Wenye viwanda pia wana deni. Hulalamika kwamba wahitimu hawajui kazi, nao ni nadra kutamka miaka miwili kabla kwamba watahitaji mafundi wangapi, wa kiwango gani. Anayelipa tozo ana haki ya kudai mafundi bora, ila kwanza aseme anachohitaji.

TCU hutoa kila mwaka mwongozo wa udahili wenye sifa za kujiunga na kila kozi. Toleo lijalo liongezwe safu moja: kati ya waliohitimu kozi hii miaka mitatu iliyopita, wangapi wana ajira.